Diploma ya Ng'ambo ya Mpaka

Shamis Billow alikuwa na diploma ya afya ya mifugo ambayo Kenya haikujua iiweke wapi.

Aliipata ng'ambo ya mpaka, katika chuo kilichokuwa kikipokea vijana kutoka kila upande wa Pembe ya Afrika. Wakati huo alikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, na alama zake za kidato cha nne hazikumtosha kuingia chuo cha hapa nyumbani. Mjomba wake Abdiwali, ndugu wa mama yake, ndiye aliyesikia habari za chuo hicho kwa wafanyabiashara wenzake wa mbuzi. Ndiye aliyempeleka pia. Watu wa Liboi, mji wa mpakani alikoishi Abdiwali, walimwambia wazi kwamba msichana hasomeshwi mbuzi, mbuzi anawajua tangu utotoni. Abdiwali aliwajibu kwamba hata yeye anawajua tangu utotoni na bado wanamfia.

Shamis alisoma miaka mitatu. Alijifunza kuchanja, kupasua mzoga na kueleza mnyama alikufa kwa nini, kutafuta mayai ya minyoo kwa hadubini. Aliporudi, ofisi ya kwanza ilimpeleka ya pili, na ya pili ikamtuma Nairobi. Huko kijana mmoja mwenye adabu alimweleza kwamba sifa za masomo nchini zimepangwa ngazi kwa ngazi, na kila cheti kina mahali pake. Chake hakikuwa kibaya. Shida ni kwamba nchi kilikotoka ilikuwa bado haijapanga ngazi zake kwa namna ambayo Kenya ingeweza kuzisoma, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kama kinalingana na diploma ya hapa, au kimepungua, au hata kimezidi.

"Kwa hiyo mimi ni nani?" Shamis alimwuliza.

Kijana alifikiri kidogo. "Kwa sasa una kidato cha nne," akasema.

Alirudi Garissa akaajiriwa na mzee Abdijabar, mwenye agroveti karibu na soko la mifugo. Aliuza dawa za minyoo, dawa za kupe, chumvi ya kulamba. Wafugaji walimjua. Walikuja na maelezo ya ngamia aliyekataa majani au mbuzi aliyetupa mimba, naye aliwauliza maswali, akawapa dawa. Asichoweza ni kutia sahihi. Kila ilipohitajika karatasi ya mtaalamu, Abdijabar alimpigia simu mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo alikuja, akamwuliza Shamis mnyama ana nini, akaandika alichoambiwa. Mwanzoni jambo hilo lilimchoma. Baadaye likawa la kawaida, na hilo lilimsumbua zaidi kuliko kuchomwa.

Aliolewa, akaachika, akarudi kuishi na mama yake, Raho, mtaa wa Bula Iftin. Miaka ikaenda hivyo.

Siku moja Roba Dabasso aliingia dukani. Alikuwa Mborana wa Wajir, daktari wa mifugo mwenye mvi changa, na Shamis alimfahamu kwa sura kwa sababu aliwahi kufundisha wakaguzi wa nyama mjini. Alimsalimia kwa Kisomali cha kuungaunga, kisha akahamia Kiswahili.

"Bi Shamis, nimeambiwa ulisoma ng'ambo."

"Nilisoma. Haikusaidia."

"Ndiyo sababu nimekuja." Aliegemea kaunta. "Nchi hizi zetu za jirani zimeanza kukaa pamoja kuangalia vyeti vya kila upande. Mtu akisoma kule, huku tujue amesoma nini, na wa huku akienda kule, vivyo hivyo. Wameamua kuanza na watu wa mifugo, majaribio tu, hapa Garissa."

"Kwa nini mifugo?"

"Kwa sababu mifugo inavuka mpaka kila siku bila kuuliza mtu."

Shamis alicheka kidogo, lakini hakukubali haraka. Alimwambia ameshachoka kubeba diploma ile kutoka mlango hadi mlango. Roba akamwambia kwamba safari hii haitaanza na karatasi. Watamkalisha, watamwuliza, watamwona akifanya kazi, halafu watatafuta mahali ambapo ujuzi wake unakaa. Hata aliyoyajifunza hapo dukani yatahesabiwa.

"Na mkiona hayakai popote?"

"Nitakuja kukwambia mwenyewe," Roba akasema.

Abdijabar, aliyekuwa akipanga chupa nyuma yao, alikohoa. "Nenda," akasema. "Duka haliendi mahali."

Siku ya kwanza ilikuwa ya maswali, katika ukumbi wa mafunzo ambao madirisha yake yalitazama mto. Pamoja na Roba alikuwepo mwanamke wa makamo aitwaye Hinda, mwalimu kutoka nchi ile alikosomea Shamis, ingawa hakuwa wa chuo chake. Hinda hakujua Kiswahili. Roba hakukijua Kisomali cha vitabuni. Wakawa wanakutana kwenye Kiingereza, na kilipowashinda walimgeukia Shamis, naye akawa mtahiniwa na mkalimani kwa wakati mmoja. Kuna ugonjwa mmoja ambao Hinda aliutaja kwa jina la kwao na Roba kwa jina la hapa, wakabishana dalili kwa muda mzuri, mpaka Shamis alipowaambia kwamba ni ugonjwa mmoja.

"Walaal, dada yangu," Hinda alimwuliza baadaye, "kuna mtu amewahi kukuuliza mambo haya tangu utoke chuoni?"

"Wafugaji wananiuliza kila siku."

"Wafugaji wanakuuliza dawa. Mimi nauliza unavyofikiri."

Shamis alitikisa kichwa. Jioni ile alitembea hadi nyumbani kwa miguu badala ya kupanda tuktuk. Majibu mengine yalikuwa yamekuja yenyewe, kama ya jana. Mengine aliyatafuta akayakosa, na hakujua kama aliyasahau au hakuwahi kufundishwa. Alimwambia mama yake kwamba siku imeenda vizuri. Hakusema kwamba alikuwa na furaha, maana aliogopa kuizoea.

Jumatano, siku ya mnada, walikwenda sokoni kwa vitendo. Vumbi lilikuwa limeshapanda. Madalali walikuwa wakishikana mikono chini ya vitambaa, wakipandisha na kushusha bei kwa vidole bila kutoa sauti. Roba alikuwa ameomba mbuzi mmoja anayechechemea, akafungwa pembeni mwa uzio, na Shamis akaambiwa amchunguze kana kwamba wao hawapo. Alipiga magoti. Kwato ya mbele ilikuwa na harufu ya kuoza. Alianza kuisafisha kwa kisu kidogo, akieleza anachokiona, Hinda akiwa amemshika mbuzi mguu na Roba akiandika.

Hapo lori liliingia na kurudi nyuma hadi kwenye zizi la jirani, na mbuzi wakaanza kushushwa. Shamis alimtambua mwenye mbuzi kwa sauti kabla hajainua macho. Alikuwa mjomba wake Abdiwali, kutoka Liboi. Familia nzima ilijua kwamba mbuzi wale wanauzwa kugharimia harusi ya bintiye wa mwisho, Saynab. Abdiwali alimwona naye, akatabasamu, akamwambia dalali aliyekuwa karibu naye, kwa sauti ya kusikika, "Yule ni mtoto wa dada yangu. Leo wanampima, apewe haki yake."

Shamis alitabasamu pia. Kisha akawatazama mbuzi.

Mmoja alisimama peke yake, kichwa chini, manyoya chini ya macho yamegandamana kwa machozi mazito. Puani alikuwa na ukoko mweupe. Mwingine alikohoa, kikohozi kifupi chenye maji ndani yake. Wa tatu alikuwa amechafuka mkiani hadi miguuni. Shamis alijua kabla hajataka kujua. Alikuwa ameuona ugonjwa huo chuoni, mwaka wa pili, walipopelekwa kwenye kijiji ambacho mbuzi walikuwa wamelala kila mahali kama nguo zilizoanguka kambani. Sotoka ya mbuzi. Haina dawa. Kuna chanjo, kwa walio bado wazima.

Alirudisha macho kwenye kwato. Roba alikuwa ameligeuzia zizi mgongo. Hinda alikuwa ameinama. Hakuna aliyemwuliza habari ya mbuzi wengine. Alipoinua macho tena alikuta mjomba wake anamtazama, na tabasamu halikuwepo. Abdiwali alikuwa ameona macho yake yalikokwenda. Alitikisa kichwa polepole sana, mara moja, kama mtu anayekataa chai.

Shamis aliendelea kukwangua kwato. Aliwaza kwamba akisema, mbuzi wale watazuiwa, na huenda soko zima litafungwa, na watu waliosafiri siku mbili na mifugo yao watamjua kwa jina. Aliwaza kwamba asiposema, kufikia alasiri mbuzi wa mjomba watakuwa kwenye malori ya Nairobi na Thika, na wengine katika maboma ya watu walionunua wa kufuga. Na kulikuwa na wazo jingine, ambalo hakulipenda lilipokuja. Kwamba hakuna atakayemlaumu. Kwa serikali yeye ni mtu wa kidato cha nne, mwuza dawa, na mtu wa kidato cha nne hana lazima ya kuujua ugonjwa huu. Miaka yote alikuwa amekasirikia maneno yale ya Nairobi, na sasa alikuwa karibu kujificha ndani yake.

Aliweka kisu chini.

"Mwalimu Hinda," akasema, "mwache huyo. Njoo uwaone hawa."

Hinda alisimama, akafuta mikono, akaenda kwenye uzio. Hakukaa sana. Alimfungua mdomo mbuzi mmoja, akaangalia fizi, akamwita Roba kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini.

Shamis alikuwa ameshafika kwa mjomba wake. Aliongea Kisomali, haraka. "Abti, wapakie. Warudishe Liboi sasa hivi, kabla hawajachanganyika na wengine. Wakifika, watenge na wale waliobaki, na wasinywe kisima kimoja nao. Nitakuja na dawa za kukausha vifua."

Uso wa Abdiwali ulilegea kwa nafuu. Alikuwa ametarajia mabaya zaidi. Aligeuka kuwaita wapakiaji, na wawili walikuwa wameshashika mbuzi kwa miguu wakati Roba alipokuja akapiga mkono ubavuni mwa lori.

"Lori halitoki," akasema.

"Daktari, wanaumwa," Shamis akamwambia. "Hapa kuna maelfu ya mbuzi. Lazima waondoke."

"Kutoka hapa hadi Liboi watasimama mara ngapi? Wanywe wapi, wachungwe na nani? Utaumwaga ugonjwa njia nzima." Roba hakuwa amekasirika, lakini alisimama pale pale. "Sheria inasema ukishuku ugonjwa huu, mnyama hasogei. Unamwita afisa wa kaunti, zizi linafungwa, na ya jirani pia. Ulikuwa unalijua hilo?"

Shamis alijua karantini ni nini. Alikuwa amesikia redioni ikitangazwa. Hakuwahi kufikiri kwamba ni yeye angeitangaza.

"Anafanya tulivyomfundisha," Hinda akasema kwa Kiingereza. "Kwetu tunafundisha hivyo, mtoe mgonjwa kwenye umati, mrudishe kwao."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kwetu ukimfungia sokoni hakuna atakayemlisha, na hakuna atakayekuja na chanjo. Watakufa wote pale, ama usiku watu wenye bunduki watavunja zizi. Akirudi nyumbani, angalau mwenyewe anamtenga."

Roba alimtazama, kisha akamtazama Shamis. Halafu akatoa simu, akampigia afisa wa kaunti.

Abdiwali hakuelewa Kiingereza, ila simu aliielewa. Alimsogelea Roba akamwambia kwa Kiswahili chake, "Bwana daktari, hii mbuzi imechoka safari tu. Ibumzike kidogo, itakuwa sawa." Alisema hivyo mara mbili, ya pili kwa sauti ndogo zaidi. Roba alimwita mzee, akamweleza kwa heshima kwamba haiwezekani. Ndipo Abdiwali alipomgeukia mtoto wa dada yake.

"Mimi ndiye niliyekupeleka kusoma," akasema.

Alikwenda kukaa kwenye kivuli cha lori, akavuta kikoi chake magotini.

Maafisa wa kaunti walifika kabla ya adhuhuri. Upande wa mbuzi na kondoo ulifungwa, wa ngamia na ng'ombe ukaendelea. Watu walilalamika, wengine walitukana, na wachache walikuja kumwuliza Shamis pembeni dalili ni zipi, kisha wakaenda kuwaangalia wao wenyewe mbuzi wao kimya kimya. Sampuli zilichukuliwa. Majibu yalipotoka yalisema yale yale waliyoyaona kwa macho.

Mbuzi wa Abdiwali walihamishwa na maafisa wenyewe hadi boma la karantini nje kidogo ya mji. Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, Shamis alikwenda huko kwa ruhusa ya afisa. Aliwasafisha macho na pua, akawadunga sindano ya kuzuia vifua visioze, akawanywesha maji ya chumvi na sukari wale walioharisha. Mjomba wake alikuwa amepanga chumba mjini ili awe karibu nao. Walifanya kazi pamoja, yeye akishika pembe na Shamis akidunga, na hawakuzungumza isipokuwa ya lazima. Shika. Mgeuze. Huyu amekufa. Waliokufa walizikwa kwenye shimo refu, na Abdiwali aliwachimbia mwenyewe ingawa kulikuwa na vibarua.

"Ana hasira," Raho alimwambia binti yake nyumbani. "Lakini jana amekula hapa, na hakula kama mtu mwenye hasira tu. Nadhani ana aibu. Aliwaona mbuzi wakikohoa njiani."

"Amekwambia hivyo, Hooyo?"

"Hajaniambia. Ni kaka yangu."

Harusi ya Saynab iliahirishwa. Saynab mwenyewe alimpigia Shamis kumwambia, na sauti yake haikuwa mbaya wala nzuri.

Ilipofika siku ya majibu ya tathmini, Roba alimwita Shamis katika ukumbi ule ule. Hinda alikuwepo. Shamis alikuwa amevaa baibui mpya, kwa sababu ndani yake bado aliamini atapewa diploma. Roba alimweleza bila kuzunguka. Utambuzi wa magonjwa, tiba, uzazi, maabara, hayo yote yamekaa sawa na diploma ya Kenya, hakuna shaka. Sheria za magonjwa, kuripoti, kudhibiti mwendo wa mifugo na ukaguzi wa nyama, hayo hayajafika. Kwa hiyo atapewa cheti cha ngazi iliyo chini ya diploma, na akisoma masomo yaliyopungua, mihula miwili, atapandishwa. Hatarudia yote. Atasoma yale tu.

Shamis alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi ndiye niliyeuona ule ugonjwa," akasema. "Nyinyi mlikuwa mnaangalia kwato."

"Ni kweli," Roba akasema. "Tumeliandika. Tumeandika pia kwamba uliagiza waondolewe."

"Nilifundishwa hivyo."

"Najua."

"Basi mnaniadhibu kwa kujua ya kule."

Hinda, aliyeomba kutafsiriwa, alisikiliza kisha akasogeza kiti chake karibu, wakaongea Kisomali peke yao.

"Tumebishana juu yako siku nzima, walaal," akasema. "Mimi nilitaka upewe yote. Yeye akaniuliza, kesho akisimama mpakani, lori la mjomba wa mtu likifika, atafanya nini? Nikashindwa kumjibu. Nikamwuliza na mimi, huyu wenu mwenye diploma ya hapa, akiwa Kutulo siku ambayo hakuna mtandao, hakuna gari, na afisa yuko mbali, atafanya nini na mbuzi wagonjwa sokoni? Hakunijibu pia. Basi tumeandika yote mawili. Wao wataongeza somo kwenye mtaala wao, la mahali ambapo hakuna wa kupigiwa simu. Sisi tutaongeza la kwao. Wanafunzi wetu wanavuka, na mbuzi wanavuka, hatuwezi kuwafundisha nusu."

"Na mimi niko katikati."

"Wewe uko katikati," Hinda akakubali. "Sina neno la kukufariji juu ya hilo. Ningependa ungekuwa umezaliwa baada ya sisi kukubaliana."

Shamis alitazama mto. Maji yalikuwa ya udongo, yakienda taratibu. Alisema kwamba ana miaka thelathini na minne na atakaa darasani na watoto.

"Mimi nina hamsini na tatu," Hinda akasema, "na mwezi ujao naanza kozi Nairobi, ya kujifunza namna ya kutathmini watu kama wewe. Nimekuwa nikitathmini watu miaka ishirini. Wameniambia nimekuwa nikipima kumbukumbu zao, sijapima kazi yao. Nilikasirika wiki nzima."

"Halafu?"

"Halafu nikalipa ada."

Shamis hakuamua siku hiyo. Alirudi dukani, akauza dawa, akafunga. Alimwambia Abdijabar, na Abdijabar akasema duka linaweza kufunguliwa mchana siku za masomo, lakini asitegemee kulipwa asubuhi ambazo hayupo. Alikwenda karantini kama kawaida. Siku moja, wakiwa wameegemea uzio baada ya kazi, mjomba wake alizungumza kwa mara ya kwanza maneno yaliyozidi ya lazima.

"Ungenyamaza, ungepata diploma yote?"

Shamis alifikiri. Wangemaliza kwato, wangempongeza. Kosa lake lisingeonekana, kwa sababu asingepata nafasi ya kulifanya.

"Huenda," akasema.

Abdiwali alitafuna kijiti chake cha meno kwa muda. "Basi tumepoteza sote wawili," akasema, akaenda kuwapa mbuzi maji.

Hakusema amemsamehe, na Shamis hakumwomba. Ila siku hiyo, kwenye njia ya kurudi mjini, alijikuta anahesabu ni nani atamsaidia kumtunza mama yake asubuhi akiwa darasani, na hapo akajua ameshaamua.

Wengi wa mbuzi walipona. Karantini iliondolewa, wakauzwa kwa bei ya wanyama waliokonda, na harusi ikafanyika baada ya mfungo. Shamis alikwenda, akapika na wanawake, akacheza kidogo.

Darasani alikuwa mkubwa kuliko wote, na kuliko mwalimu mmoja. Vijana walimwita mathe, yaani mama. Walimwambia sheria za magonjwa ni noma, hazishikiki kichwani, na walimtaka awasaidie kwenye uzazi, alioujua kama mkono wake. Yeye aliona sheria zinashikika. Kila kifungu alichosoma alikiona kina uso wa mtu, na mara nyingi alimbishia mwalimu. Mnasema taarifa ipelekwe mara moja, aliuliza siku moja. Mtu wa Takaba aliye porini na mifugo, mara moja yake ni lini? Mwalimu alisema swali hilo halimo kwenye mtihani. Kijana mmoja nyuma akasema, lakini liko Takaba, darasa likacheka, na mwalimu akaliandika ubaoni, wakalijadili mpaka kipindi kikaisha.

Alimaliza. Akapandishwa ngazi, akasajiliwa, na kaunti ikamchukua kwa mkataba wa kufuatilia magonjwa upande wa Liboi. Mwezi wa kwanza alisoma mwenyewe jina lake kwenye karatasi yenye sahihi yake, akaisoma tena, kisha akampa mwenye ngamia.

Abdiwali hakuwahi kuja ofisini kwake pale Liboi. Akiwa na mnyama mgonjwa alinunua dawa kwa mtu mwingine, au alimpigia dada yake Garissa, na Raho akampigia Shamis. Mjomba wako anauliza, mbuzi akivimba taya afanye nini. Mjomba wako anauliza, mbuzi akipakwa dawa ile ya kupe, maziwa yake yanywewe baada ya muda gani. Shamis alijibu, na majibu yakaenda Garissa kisha yakarudi Liboi, kwa mtu aliyekaa umbali wa kutembea kutoka mezani kwake.

Siku moja mama alipiga akasema mjomba anauliza habari za mbuzi jike anayetokwa na machozi.

"Hooyo," Shamis akasema, "mwambie anipigie mwenyewe."

Alingoja akidhani hatapiga. Simu ililia alasiri. Waliamkiana, wakaulizana habari za Saynab, aliyekuwa mjamzito. Kisha Abdiwali akaeleza. Jike mmoja, machozi tangu juzi, leo amekohoa. Wengine wazima. Alikuwa amemtenga na kumpa maji yake peke yake.

"Ulifanya vizuri kumtenga," Shamis akasema. "Wote wakae hapo hapo, wasisogee hata kisimani. Nakuja kuchukua sampuli. Na abti, nitalazimika kuripoti."

Mbuzi alilia mbali, na upepo ukapita kwenye simu.

"Ripoti basi," mjomba wake akasema. "Lakini njoo na dawa ya macho. Hii ya dukani imeisha muda."